KUPIMA MAFUTA YA MAINI PASIPO SINDANO



Mama akienda kununua maini ya ngombe sokoni, anatazama rangi kwanza. Yakiwa ya manjano na yanateleza mukononi, anayaacha, juu anajua mafuta yameingia ndani. Lakini maini ya mutu aliye hai, nani atayatazama? Na mafuta yale hayaumi. Mutu anakula, anatumika, miaka inapita, hajui kitu, mpaka maini yanafanya makovu na kuwa magumu. Mafuta yanaweza kutoka. Makovu ni vigumu yatoke. Njo maana inafaa kujua mapema.

Wengine wanasema: ule ni ugonjwa wa matajiri na wanywaji. Ni kweli pombe, unene na ugonjwa wa sukari vinaleta mafuta kwenye maini. Lakini hata mutoto wa kwashiorkor, anayepewa bukari ya muhogo kila siku pasipo maharagi wala samaki, maini yake yanajaa mafuta. Munganga Hugh Trowell na wenzake wa Kampala waliandika kitabu juu ya ugonjwa ule katika mwaka 1954.

Zamani, kusudi kujua hakika, munganga alichoma sindano ndefu ubavuni na kutoa kipande kidogo sana, kama sehemu 1 kwa 50 000 ya maini yote. Damu inaweza kutoka, kwa hiyo haiwezekani kurudia kila mara. Sindano ile ingali na kazi yake kwa magonjwa mengine ya maini, lakini kwa kuhesabu mafuta kuna njia ingine: mashini ya IRM.

Musiogope. Mashini ile inatumia viini vya atomi, na sisi watu wa Likasi tukisikia vile tunafikiri Shinkolobwe, kulikotoka uraniumu ya bombe la Hiroshima (1945). Hapa haiko vile. Hivi ni viini vya hidrojeni, iliyo ndani ya maji na mafuta ya mwili wetu. Havipasuki, wala mashini haitoi miali kama ya radio ya kifua. Mugonjwa analala ndani ya sumaku kubwa; mashini inatuma mawimbi kama yale ya posti ya redio, na viini vinajibu.

Sasa siri yake ni hii. Katika sumaku ya tesla 1,5, hidrojeni ya maji inapiga karibu mara milioni 64 kila segonde. Ile ya mafuta inachelewa kidogo, karibu mapigo 220. Ni kama wapiga ngoma wawili wasioenda sawasawa: mara wanapiga pamoja na sauti inakuwa kubwa, mara wanapingana na sauti inapungua. Kisha elfu za segonde 2,3 maji na mafuta yanapingana. Kisha 4,6 yanakutana. Katika 1984, kule Marekani, Thomas Dixon alionyesha namna ya kutumia nyakati zile mbili.

Mukamate kalamu. Tuseme mashini imepata:

maji + mafuta = 100
maji − mafuta = 80

Jumlisheni: maji mara mbili ni 180, basi maji ni 90 na mafuta ni 10. Mafuta ni 10 kwa 100. Kupita karibu 5 kwa 100, wanganga wanasema mafuta yamezidi. Munaona, njo hesabu ileile ya darasani! Mashini za leo zinasikiliza nyakati nyingi zaidi ya mbili, juu chuma kilicho ndani ya maini kinaweza kudanganya hesabu.

Faida kubwa ni kwamba mugonjwa anaweza kurudi kisha miezi kazaa na kuona kama namba imeshuka. Lakini mashini ile ni ya bei kali na inataka umeme mwingi. Pahali isipokuwa, ekografi inasaidia, hata kama inakosa mafuta yakiwa kidogo.

Na mashini haiponyeshi mutu. Kinachotoa mafuta ni kuacha pombe, kupunguza unene na sukari, kutembea kwa miguu. Na kwa mutoto, maharagi, kalanga na samaki pamoja na bukari. Basi, mukubwa wa nyumbani akiambiwa na munganga kwamba maini yake iko na mafuta, musimucheke. Mumusaidie, asingoje maumivu.