Liemba, Masua Iliyopakwa Grisi Kabla ya Kuzama

Ndugu msomaji, sisi watu wa Manono tunajua mashimo. Tunajua vilima vya mchanga mweupe, tunajua jiwe la kasiterite, tunajua uzito wa mfuko wake begani. Ziwa hatulijui sana. Wengine wamezaliwa hapa, wakaoa hapa, wakazeeka hapa, na kwao Kalemie ni jina tu la mahali ndakala zinapotoka.

Lakini shimo na ziwa ni jamaa moja. Reli ya kutoka Kabalo ilifika ziwani mwaka 1915, pale mji uliokuja kuitwa Albertville, ndiyo Kalemie ya leo. Ng'ambo, reli ya kutoka Dar es Salaam ilikuwa imekwisha kufika Kigoma mwaka 1914. Reli mbili, na katikati yake maji. Juu ya maji hayo zilipita masua, zikibeba mizigo na watu. Leo nataka kuwasimulia masua moja niliyosafiri ndani yake mwaka 2013, jina lake Liemba. Mwaka ule ilikuwa imetimiza miaka 100 tangu kujengwa.

Kupanda Kigoma

Nilikuwa nakwenda Mpulungu, katika Zambia, kumwona yaya yangu. Alikimbia vita mwaka 1999 akiwa na watoto wawili, wala hatukuonana tena. Njia fupi ya Zambia kwetu ni ya Pweto, lakini nilikuwa na jambo la familia la kumaliza Kigoma kwanza. Basi nikasema: nitashuka na ziwa lote.

Ziwa lote si mchezo. Toka kaskazini hadi kusini ni karibu kilometa 670, na pale penye kina kirefu kabisa maji yanashuka mpaka mita 1,470. Nchi nne zinaligawana: Congo, Tanzania, Burundi na Zambia. Liemba iliondoka Kigoma Jumatano jioni ili ifike Mpulungu Ijumaa asubuhi.

Mfuko wangu ulikuwa mwepesi, nikakata tikiti ya daraja la tatu. Wa daraja la kwanza na la pili walikuwa na vyumba vyenye vitanda. Sisi wa tatu tulikuwa chini, kwenye mabenchi, kati ya magunia, kuku na ndoo. Masua ile ina urefu wa mita 71 hivi na ilikuwa inachukua watu kama 600. Kwa saa moja ya kwanza kila mtu alipigania nafasi yake: huyu anasukuma gunia, yule anatandika kitenge, mwingine anagombana kwa sababu ya mguu uliokanyagwa. Nikajiuliza, tutalala namna gani hapa?

Lakini giza lilipoingia, watu walinyamaza na kuanza kuulizana majina. Mzee mmoja wa Kigoma alinisogezea mkeka wake. Nikamwambia "Jambo, Muzee", akacheka: "Huku kwetu mdogo anamwambia mkubwa shikamoo." Nikamwambia shikamoo. Akaitika marahaba, akanipa nusu ya muhogo wake. Toka pale nilikuwa na mwenyeji.

Bandari zisizo na gati

Nilidhani bandari ni mahali penye ukuta wa saruji, masua inakuja kufungwa kamba. Kumbe wakati ule katika safari ile yote gati zilikuwa chache: Kigoma, Kasanga na Mpulungu. Mahali pengine masua ilisimama mbali kidogo na nchi, ikapiga honi, na watu wa kijiji wakaifuata kwa mitumbwi.

Usiku ule wa kwanza honi ilinishtua. Nikachungulia nje: giza tupu. Halafu nikaona taa ndogo moja, tatu, kumi, zinakuja juu ya maji kama vimulimuli. Mitumbwi ilifika ikashindana kugusa ubavu wa masua, penye mlango ulio wazi. Hapo ilikuwa makelele! Watu wanashuka, watu wanapanda, magunia ya dagaa (ndiyo ndakala za kwetu) yanarushwa, mtu anaita jina la ndugu yake, mwingine anadai nauli. Mashini ya kuinulia mizigo inalia juu ya vichwa.

Karibu yangu alikuwa mama mmoja, na kwa usemi wake nilijua mara moja ni wa upande wetu. Mtumbwi wake ulikuwa unapanda na kushuka na mawimbi. Akanitazama.

"Papa, shika mutoto. Mi nashuka kwanza."

Nikamshika. Mama akasubiri wimbi liinue mtumbwi, akaruka, akasimama. Akanyosha mikono. Mimi nikaogopa: kati ya mikono yangu na yake palikuwa maji meusi.

"Usiogope, Papa! Leta!"

Nikamteremsha mtoto. Kijana wa mtumbwi, ambaye hatumjui, akamshika miguu, mama akamshika kiuno, na mimi nikaachilia mwisho. Ilikuwa kitambo kidogo tu. Lakini nimefikiri sana juu ya kitambo kile. Pale hapakuwa na gati. Gati ilikuwa mikono ya watu.

Kijiji kinachoelea

Kesho yake, Alhamisi, tulikuwa kijiji kimoja kabisa. Asubuhi kuna mstari wa chooni, na kila mtu anajua nani ametangulia. Kuna mama anayeuza chai. Kuna vijana wa karata. Kuna fundi wa kusimulia, ambaye kila kijiji kinaye. Jikoni wanapika wali na ugali, kwa kuku au samaki. Mwenye fedha ananunua, asiye na fedha anafungua kifurushi chake, na harufu ya samaki wa kukaanga inawaleta jirani.

Upande wa kushoto milima ya Mahale ilikwisha kupita. Tulipita Karema, ambapo wazungu wa Ubelgiji walijenga boma mwaka 1879, na mwaka 1885 likaachwa mikononi mwa mapadri Wamisionari wa Afrika. Mwaka ule ule walipokea na kituo cha Mpala, upande wetu, kati ya Kalemie na Moba. Kisha Kipili na visiwa vyake, kisha vijiji vingine. Kila mahali ni honi na mitumbwi. Jioni, upande wa kuume, niliona milima ya bluu mbali sana. Mzee wangu akasema: "Kule ni kwenu." Ilikuwa milima ya Marungu. Nikanyamaza.

Chini penye mashini

Baba yangu alikuwa fundi wa mashini katika karakana moja ya mgodi. Kwa hiyo sikuweza kukaa masua nzima bila kuuliza habari za mashini yake. Fundi mmoja wa Liemba, mtu wa makamo mwenye tambara begani, alinisikia nikiuliza. "Njoo uone," akasema, "lakini usiguse kitu."

Chini kuna joto na makelele, tena panang'aa kwa mafuta. Fundi alikuwa na kopo lake la mafuta, akipita toka chuma hadi chuma kama mama anayepaka watoto wake mafuta kabla ya misa. Tulipotoka nje kupata hewa, alinisimulia historia, nami naileta kwenu kwa ufupi.

Masua hii ilijengwa na Wajerumani katika mji wa Papenburg mwaka 1913, ikaitwa Graf von Götzen. Kisha ikafunguliwa vipande vipande, ikafungwa katika masanduku kama 5,000, ikapelekwa Dar es Salaam kwa bahari na kuletwa Kigoma kwa treni. Mafundi waliiunga tena, ikashushwa majini Februari 1915. Vita vya kwanza vya dunia vilikuwa vinawaka hata juu ya ziwa letu. Waingereza waliletea Lukuga, karibu na Kalemie ya leo, vimashua viwili, Mimi na Toutou, baada ya kuvivuta kupitia misitu na milima ya Katanga. Navyo viliteka chombo kimoja cha Wajerumani na kuzamisha kingine.

Julai 1916 Wajerumani walipaswa kukimbia Kigoma. Waliamriwa kuizamisha masua yao ili adui asiipate. Sasa sikilizeni, ndugu zangu. Wale mafundi walioijenga hawakutaka ife. Kabla ya kuizamisha walizipaka mashini grisi nyingi, kila mahali. Halafu wakaijaza mchanga na kuishusha chini taratibu, karibu na mahali mto Malagarasi unapoingia ziwani.

Baada ya vita Wabelgiji waliiinua, dhoruba ikaizamisha tena. Mwaka 1924 Waingereza waliitoa majini. Walipofungua mashini, waliziona bado nzima! Mwaka 1927 ikaanza kazi tena kwa jina la Liemba, jina la zamani la ziwa upande wa kusini. Mashini za mvuke zilifanya kazi mpaka miaka ya 1970, ndipo zikawekwa za dizeli.

Fundi alimaliza akafuta mikono. Mimi nilikuwa nawaza mambo ya Manono.

Mwaka 1985 bei ya bati ilianguka duniani kote, na kazi ya kwetu ikaanza kufa polepole. Siku ya mwisho ya karakana yao, baba alibaki nyuma. Alichukua kopo la grisi akaipaka mashini yake ya kuchonga vyuma, toka juu hadi chini. Wenzake walimcheka: "Unamupakia nani? Hakuna mutu atarudia hapa." Baba akajibu: "Haujue."

Tuseme kweli: hakuna aliyerudi. Vita ilikuja, mashini ikakatwa vipande na kuuzwa kama vyuma vya zamani. Hata mtambo wa umeme wa Mpiana-Mwanga, uliojengwa miaka ya 1930, uliharibika wakati wa vita. Kwa miaka mingi nilifikiri baba alifanya kazi bure. Pale juu ya Liemba nilielewa kwamba grisi peke yake haitoshi. Yule anayepaka lazima awepo, na yule anayerudi kuinua lazima awepo pia. Mmoja akikosekana, chuma kinaoza. Lakini anayepaka hawezi kujua kama mwingine atakuja. Anapaka tu. Mimi leo natengeneza kinga za watu sokoni, na sijafunga gurudumu hata moja bila grisi. Hiyo ni mashini ya baba iliyobaki.

Masua ya wakimbizi

Jambo lingine tusilisahau. Mwaka 1997, baada ya utawala wa Mobutu kuanguka, Liemba ilikodiwa na shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa. Katika muda wa miezi michache ilirudisha nyumbani wakimbizi wa nchi yetu zaidi ya 75,000. Na Mei 2015 ilitumwa Kagunga, mpakani mwa Burundi, ambapo maelfu ya Warundi walikuwa wamejazana ufukweni. Gati hapakuwa. Wavuvi waliwapeleka watu kwa mashua ndogo mpaka masua, mikono kwa mikono, kama yule mtoto wa usiku wangu wa kwanza.

Kufika

Ijumaa asubuhi tuliingia Mpulungu. Yaya alikuwa amesimama gatini na kitenge cha kijani. Sikumtambua, yeye alinitambua.

"Weye! Umezeeka sawa baba!"

Tulilia, halafu tukala bukari na sombe. Nilimsimulia habari ya grisi. Akasema: "Kumbe muzee alikuwa na akili."

Neno la mwisho kwa familia

Mwaka 2018 Liemba ilisimamishwa ili itengenezwe. Masua kubwa ikikosekana, watu wanapanda chochote kinachoelea. Nasi tunajua matokeo. Desemba 2014 masua ndogo iitwayo Mutambala, iliyotoka Kalemie kwenda Uvira, ilipinduka. Watu zaidi ya 120 walikufa. Ilikuwa imejazwa kupita kiasi, na upepo ukaikuta.

Ndugu msomaji, uzee hauui chombo. Liemba ilizaliwa kabla ya babu zetu wengi, na iliwafikisha watu. Kinachoua ni kuacha kutunza, na kujaza kupita kiasi kwa tamaa ya nauli. Ni sheria ile ile ya shimo: nguzo isiyoangaliwa huanguka. Ukifika Kalemie na safari ya maji, tazama maji yamefika wapi ubavuni mwa chombo. Uliza koti la kuelea, la mtoto kwanza. Upepo ukiwa mkali, lala kwa jamaa, ondoka kesho. Na kapita akikuambia "nafasi ingali", na wewe unaona haiko, shuka. Kucheleweka si aibu.

Mzungumzie nyumbani:
1. Nyumbani kwetu kuna chombo gani tunachokitumia kila siku bila kukitunza?
2. Wazazi wetu walituachia ufundi gani? Nani kati ya watoto anaufundishwa leo?
3. Tuko na jamaa ng'ambo ya ziwa ambaye hatujamtafuta tangu vita? Tuanzie wapi?