Anisi: Mbegu ndogo yenye tiba, jina lenye mtego

MTOTO mchanga anapolia usiku kucha kwa sababu ya gesi tumboni, si kila familia husubiri kupambazuke ili imfikishe kwa daktari. Mara nyingi hutokea bibi, shangazi au jirani mwenye kauli ya mwisho: zichemshwe mbegu fulani, mtoto anyweshwe vijiko viwili au vitatu, naye atalala. Kuanzia Misri na Syria hadi Hispania na visiwa vya Karibiani, anisi ni miongoni mwa mbegu zinazotajwa sana katika ushauri wa aina hiyo.

Anisi ni kiungo, ni kinywaji na ni dawa. Sifa zake za kutuliza tumbo na kulegeza makohozi zimejulikana kwa zaidi ya miaka 2,000, na baadhi ya sifa hizo sasa zimepimwa katika maabara na hospitali. Hata hivyo, mmea huu unakabiliwa na tatizo ambalo halitokani na mbegu yake bali na jina lake. Mimea isiyo na udugu nao huuzwa kwa jina hilo hilo na kwa harufu ile ile, na mmoja unaochanganywa na mimea hiyo ni sumu. Miongoni mwa walioumizwa na mkanganyiko huo ni watoto wachanga.

Mmea wenyewe

Anisi, ambao wataalamu wa mimea huuita Pimpinella anisum na Waarabu huuita yansun, ni mmea wa msimu mmoja. Asili yake ni nchi za mashariki ya Bahari ya Kati na kusini magharibi mwa Asia. Hukua hadi kufikia urefu wa kati ya sentimita 30 na 60. Majani yake ya chini ni ya mviringo, na yale ya juu yamegawanyika membamba kama manyoya. Maua yake ni madogo na meupe, nayo hukusanyika juu ya vijiti vinavyotawanyika mfano wa mwavuli uliofunguliwa.

Umbo hilo la mwavuli ndilo linaloonyesha ukoo wake. Anisi ni ndugu wa karoti, giligilani, bizari nyembamba na shamari. Kile ambacho watu hukiita mbegu, kwa hakika ni tunda dogo lililokauka. Urefu wake ni milimita tatu hadi tano, rangi yake ni kijani iliyochanganyika na kijivu, na juu yake mna mistari pamoja na vinyweleo vifupi ambavyo havionekani kwa urahisi.

Mmea huu hupenda jua na udongo usiotuamisha maji, nao huchukua takriban miezi minne tangu kupandwa hadi kuvunwa. Uturuki, Syria, Misri, Hispania, Iran na India ni miongoni mwa nchi zinazoulima. Katika pwani ya Afrika Mashariki, ambako viungo vya Arabuni na India vimeuzwa kwa karne nyingi, shamari ndiyo iliyozoeleka zaidi, na ni rahisi kwa mnunuzi kudhani kwamba hiyo na anisi ni kitu kimoja.

Tiba ya kale

Warumi wa kale walikuwa na desturi ya kula mikate midogo iliyotiwa anisi na bizari baada ya karamu nzito ili kulisaidia tumbo. Maelekezo ya kuoka mikate hiyo yameachwa na Cato, mwanasiasa na mkulima aliyefariki dunia mwaka 149 kabla ya Kristo. Mwandishi mwingine wa Kirumi, Plinio, aliyefariki mwaka 79 baada ya Kristo, aliisifu anisi kwa kuondoa harufu mbaya ya kinywa inapotafunwa asubuhi.

Katika ulimwengu wa Kiislamu, tabibu mashuhuri Ibn Sina, aliyeishi kati ya mwaka 980 na 1037, aliijumuisha anisi katika kitabu chake kikubwa cha tiba, Al-Qanun. Kitabu hicho kilifundishiwa waganga wa Mashariki na wa Ulaya kwa karne kadhaa.

Thamani ya mbegu hiyo ilivutia pia watoza ushuru. Mwaka 1305, Mfalme Edward wa Kwanza wa Uingereza aliiweka anisi katika orodha ya bidhaa zilizotozwa ushuru ili kupata fedha za kukarabati Daraja la London.

Hadi leo anisi hutiwa katika mikate, biskuti na peremende. Ndiyo pia inayotoa ladha ya vileo kama arak ya Lebanon, raki ya Uturuki na ouzo ya Ugiriki. Vinywaji hivyo huwa angavu ndani ya chupa, lakini vikitiwa maji hugeuka vyeupe kama maziwa. Sababu ni kwamba mafuta ya anisi huyeyuka katika pombe, lakini hayayeyuki katika maji.

Kinachofanya kazi

Siri ya anisi imo katika mafuta hayo yenye harufu kali. Mbegu iliyo bora huwa na kiasi cha asilimia mbili au zaidi ya mafuta, na sehemu kubwa ya mafuta hayo, kwa kawaida zaidi ya asilimia 80, ni kemikali iitwayo anetholi. Hiyo ndiyo inayoleta utamu na harufu ya anisi.

Wataalamu wanaeleza kwamba mafuta hayo hulegeza misuli laini, yaani ile misuli inayofanya kazi bila mtu kuiamuru, kama ya utumbo na ya mirija ya hewa. Misuli ya utumbo inapolegea, msokoto hupungua na gesi hupata njia ya kutoka. Watafiti wa Iran walichapisha mwaka 2001 matokeo yanayoonyesha kwamba anisi iliilegeza mirija ya hewa iliyotolewa katika wanyama wa maabara.

Majaribio kwa binadamu yapo, ingawa si mengi. Utafiti mmoja uliochapishwa nchini Iran mwaka 2015 uliwahusisha wagonjwa 107 waliokuwa wakisumbuliwa na tumbo kujaa na maumivu baada ya kula, bila ya kukutwa na kidonda. Waliopewa unga wa anisi kwa wiki nne walipata nafuu kubwa kuliko waliopewa unga usio na dawa. Utafiti mwingine wa nchi hiyo, wa mwaka 2012, uliwahusisha wanawake 72 waliokoma hedhi, na waliotumia vidonge vya anisi walipungukiwa na lile joto la ghafla linalowasumbua wanawake wengi wa umri huo.

Majaribio ya ukubwa huo yanatia moyo, lakini hayatoshi kumaliza mjadala. Ndiyo maana Shirika la Dawa la Ulaya (EMA) limeikubali anisi kwa matumizi mawili tu, tena kwa msingi wa desturi ya muda mrefu: kutuliza msokoto mdogo wa tumbo unaoambatana na gesi, na kulegeza makohozi wakati wa mafua. Madai kwamba anisi huponya kisukari, saratani au pumu hayamo katika orodha hiyo.

Jina moja, mimea tofauti

Tatizo la jina ni la siku nyingi. Tafsiri ya Biblia ya Kiingereza iliyochapishwa mwaka 1611 ilitaja anisi katika Injili ya Mathayo, sura ya 23, mahali ambapo neno la Kigiriki lilikuwa na maana ya mmea mwingine wa ukoo huo huo. Kosa la namna hiyo halikumdhuru mtu, kwa kuwa mimea yote miwili ni chakula.

Mkanganyiko na shamari nao hauna madhara makubwa. Shamari ni mmea mrefu unaoweza kufikia mita mbili, maua yake ni ya manjano, na mbegu zake ni ndefu zaidi na za kijani iliyokolea. Nayo ina anetholi, na matumizi yake yanakaribiana na ya anisi.

Hatari huanzia kwenye anisi ya nyota. Hiyo haitokani na mmea mdogo wa bustanini, bali ni tunda la mti wa kusini mwa China na Vietnam, lenye umbo la nyota ambayo kwa kawaida huwa na ncha nane. Hakuna udugu kati ya mti huo na anisi. Kilichoyaunganisha majina ni anetholi, ambayo mti huo unayo kwa wingi. Anisi ya nyota ya China yenyewe hutumika katika pilau na supu bila tatizo.

Lakini mti huo una ndugu yake wa Japani, uitwao shikimi, ambao hupandwa karibu na mahekalu ya Kibudha na ambao hutumika kama ubani. Matunda yake ni nyota pia, na ndani yake mna anisatini, sumu inayoshambulia mfumo wa fahamu na kusababisha kutapika na degedege. Nyota za miti hiyo miwili zikichanganyika, hasa zikiwa zimevunjika au kusagwa, jicho la kawaida haliwezi kuzitenganisha. Hulazimu vipimo vya maabara.

Mwaka 2001 nchini Uholanzi, zaidi ya watu 60 waliugua baada ya kunywa chai ya majani iliyokuwa na anisi ya nyota, na baadhi yao walipatwa na mishtuko ya mwili kama ya kifafa. Septemba 2003, Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani (FDA) ilitoa onyo kwa umma ikiwataka watu wasinywe chai ya anisi ya nyota. Mamlaka hiyo ilisema ilikuwa na taarifa za watu wapatao 40 waliougua, wakiwamo watoto wachanga wapatao 15. Wazazi wa watoto wengi wa aina hiyo walikuwa wamewapa chai kwa nia njema kabisa, ya kutuliza tumbo.

Mkanganyiko mwingine ulizuka mwaka 2005, dunia ilipokuwa na hofu ya mafua ya ndege. Ilifahamika kwamba dawa ya Tamiflu ilitengenezwa kwa asidi iliyopatikana katika anisi ya nyota, na bei ya nyota hizo ikapanda. Ukweli ni kwamba asidi hiyo hupitia hatua nyingi za kikemikali kabla ya kuwa dawa. Kuchemsha nyota hizo, au mbegu za anisi ya kawaida, hakumpatii mtu Tamiflu.

Watoto na mama wanaonyonyesha

Je, basi mtoto mchanga apewe anisi halisi? Jibu la wataalamu ni hapana. EMA haipendekezi anisi kwa watoto wa chini ya miaka 12, kwa kuwa hakuna taarifa za kutosha kuhusu usalama wake kwao. Shirika la Afya Duniani (WHO) nalo linasisitiza kwamba mtoto anyonyeshwe maziwa ya mama pekee kwa miezi sita ya mwanzo, bila maji wala chai ya aina yoyote.

Hata mama anayenyonyesha anapaswa kuwa na kiasi. Mwaka 1994 madaktari wa Italia walieleza habari za watoto wawili wachanga waliokuwa wakitapika, wamelegea na kulia kwa sauti dhaifu. Ilibainika kwamba mama zao walikuwa wakinywa zaidi ya lita mbili kwa siku za chai ya mchanganyiko wa mimea, ikiwamo anisi na shamari, ili kuongeza maziwa. Chai iliposimamishwa, watoto walipata nafuu katika muda usiozidi siku mbili.

Anetholi ina tabia inayofanana kidogo na homoni ya kike ya estrojeni. Kwa sababu hiyo wajawazito, pamoja na wanawake wenye saratani ya matiti au ya mfuko wa uzazi, wanashauriwa wasiitumie kama dawa. Vivyo hivyo kwa mtu anayedhurika na giligilani, karoti au mimea mingine ya ukoo huo.

Namna ya kutumia

Kwa mtu mzima mwenye afya, matumizi ni rahisi. Chukua kijiko kimoja cha chai cha mbegu, uziponde muda huo huo ili mafuta yasipotee, uzimimie nusu kikombe hadi robo tatu ya maji yanayochemka, kisha ufunike kwa dakika kama 10 na uchuje. Hunywewa hadi mara tatu kwa siku, si zaidi ya wiki mbili mfululizo. Maradhi yakiendelea, au yakiambatana na homa, kutapika au damu, aendaye hospitali mapema ndiye mwenye busara.

Mafuta halisi ya anisi yanayouzwa katika vichupa ni jambo jingine. Tone moja lina nguvu ya mbegu nyingi, na kuyanywa kwa kukadiria kijiko ni hatari.

Sokoni, nunua mbegu nzima badala ya unga, na uzitazame kabla ya kulipa: anisi halisi ni kipunje kidogo chenye mistari, si nyota wala kipande cha nyota. Mwuzaji akijibu tu kwamba "zote ni anisi", jibu hilo lisikutoshe. Na kwa mtoto anayelia usiku, njia iliyo salama ni kumbeba wima ili acheue, kuendelea kumnyonyesha na kumpeleka kliniki kunapokucha. Akitapika mfululizo, akiwa na homa au akilegea, asisubiri asubuhi.