Kumtembeza Mzee Mji Mkongwe: Mambo ya Kuafikiana Kabla ya Kulipa

Mtoto aliyeanza kujitegemea hutamani kumrudishia mzazi fadhila, na njia mojawapo ni kumpeleka mahali ambapo amekuwa akipasikia tu bila kupaona. Kwa wakazi wengi wa bara, mahali hapo ni Mji Mkongwe wa Zanzibar, ulioingizwa na UNESCO katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000. Safari hiyo ni tendo la upendo, lakini pia ni mlolongo wa manunuzi: tiketi ya boti, chumba, teksi, muongoza watalii na viingilio. Kila ununuzi una masharti yake, na mara nyingi masharti hayo humfikiria msafiri kijana mwenye miguu myepesi.

Tatizo kubwa zaidi ni ukimya. Mzee anayesafirishwa na mwanawe au mjukuu wake ni nadra kulalamika. Akionyeshwa ngazi za ghorofa tatu, atapanda. Akiulizwa iwapo amechoka, atajibu kuwa hajambo. Hataki kuonekana mzigo, wala hataki kumvunja moyo mtu aliyetumia fedha kwa ajili yake. Kwa hiyo, yale ambayo mzee hatayasema safarini ni lazima mwenzake ayaulize mapema, kabla fedha hazijatoka mkononi. Katika makala haya tunaeleza maswali hayo ni yapi na yaulizwe kwa nani.

Anza na mzee mwenyewe

Haki ya kuchagua ni ya mlaji, na mzee ni mlaji hata kama anayelipa ni mwingine. Muulize ni jambo gani moja au mawili ambayo hangependa kurudi nyumbani bila kuyaona. Huenda akataja msikiti au kanisa, huenda akataka tu kukaa ufukweni na kutazama majahazi. Jibu lake ndilo liongoze ratiba. Mengine yawe nyongeza.

Muulize pia huenda umbali gani kwa miguu bila kupumzika: hadi sokoni, hadi msikitini, hadi kwa jirani. Mazoea yake ya nyumbani ni kipimo bora kuliko ahadi yake ya siku ya safari. Mwenye shinikizo la damu, kisukari au maumivu ya magoti amwone daktari kabla ya tarehe kupangwa, na dawa zikae katika mkoba wa mkononi. Mkiwa mbele ya muuzaji, mwache mzee ajibu mwenyewe maswali yanayomhusu, na maradhi yake yasitangazwe dirishani.

Boti na majira

Boti ziendazo kasi kutoka Dar es Salaam hufika bandari ya Malindi kwa muda wa saa mbili hivi. Nunua tiketi katika ofisi ya kampuni au kwa wakala wake anayetambulika, na usimpe fedha mtu anayekukimbilia getini akidai ana nafasi ya mwisho. Hakikisha jina lililo kwenye tiketi linalingana na lile la kitambulisho, herufi kwa herufi.

Uliza mambo manne: abiria anatakiwa kufika bandarini muda gani kabla ya boti kuondoka, kuna msaada gani kwa anayetembea kwa mkongojo au kwa kiti cha magurudumu, kiti chenu kipo sitaha ipi na kina ngazi ngapi, na tarehe ikibadilika kwa sababu ya ugonjwa, tiketi itahamishwa, fedha zitarudishwa, au zote zitapotea. Swali hilo la mwisho ni muhimu zaidi kwa mzee kuliko kwa kijana, kwani afya yake huweza kubadilika usiku mmoja.

Majira nayo yana gharama zake. Upepo wa kusi, hasa kati ya Juni na Agosti, huichafua bahari. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, huvilowanisha vichochoro na kuvifanya viteleze. Katika mwezi wa Ramadhani migahawa mingi hufungwa mchana, hivyo mzee anayepaswa kula kwa saa maalumu kwa sababu ya dawa apangiwe chakula mapema. Bei ikiwa nafuu katika majira fulani, jiulize kwanza sababu ya unafuu huo.

Chumba: hesabu ngazi kabla ya usiku

Nyumba nyingi za wageni za Mji Mkongwe ni majengo ya kale yenye ngazi za mwinuko mkali, na si zote zenye lifti. Mara nyingi kifungua kinywa huandaliwa juu ya paa, mahali penye upepo mzuri na mandhari ya bahari, lakini palipo mbali na magoti ya mzee. Hata kitanda cha samadari, kinachopendeza sana pichani, huwa kirefu kwenda juu.

Picha za matangazo hazionyeshi mambo hayo, hivyo mlaji ayaulize kwa maneno. Je, kuna chumba cha chini? Kutoka mlangoni hadi kitandani kuna vidato vingapi? Bafu lina kizingiti cha kuruka? Kifungua kinywa chaweza kuletwa chini? Gari linaishia wapi, na kutoka hapo ni mwendo wa dakika ngapi? Vichochoro vingi havipitishi gari, na mita mia mbili zenye mizigo na jua la saa saba mchana si jambo dogo kwa mtu wa miaka 75.

Majibu hayo yaombe kwa maandishi. Ujumbe wa simu unaosema “mtapewa chumba cha chini” ni ushahidi. Kauli ya mdomo husahaulika pale mgeni mwingine anapofika kwanza. Fahamu pia kama ulicholipa ni malipo ya awali au ni bei yote, na hadi siku gani unaweza kughairi bila kukatwa.

Mwendo uwe sehemu ya makubaliano

Matembezi ya kawaida ya mji hukusanya vituo vingi katika saa chache. Mzee hahitaji vituo vingi; viwili kabla ya jua kali na kimoja baada ya alasiri vinamtosha. Mweleze muongoza watalii jambo hilo kabla ya kupatana bei, kisha mwombe akuonyeshe kitambulisho chake cha kazi. Waongoza watalii wa Zanzibar husimamiwa na Kamisheni ya Utalii ya Zanzibar.

Vituo vyenyewe vichaguliwe kwa kuzingatia miguu. Ngome Kongwe, iliyojengwa na Waomani baada ya kuwafukuza Wareno mwishoni mwa karne ya 17, ina ua mpana, na ng’ambo ya barabara ipo bustani ya Forodhani yenye mahali pa kukaa. Huko Mkunazini, kanisa kuu la Anglikana limesimama palipokuwa na soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873. Vyumba vya chini vinavyoonyeshwa hapo vina ngazi na dari fupi. Asiyeweza kuinama anaweza kubaki juu, penye kanisa na sanamu za watumwa zilizo uani, wala hatakuwa amekosa maana ya mahali hapo.

Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa na Sultani Barghash mwaka 1883, liliporomoka kwa sehemu tarehe 25 Desemba 2020. Muuzaji akiliweka katika ratiba, mwulize wazi kama mtaingia ndani au mtalitazama kwa nje, na kama bei imezingatia tofauti hiyo.

Mji huu pia umejengewa pa kupumzikia. Mabaraza ya mawe yaliyo mbele ya nyumba ni mahali ambapo watu wameketi, wakasalimiana na kunywa kahawa kwa vizazi vingi. Mzee akikaa barazani nusu saa akizungumza na wenyeji, huo nao ni utalii, pengine ulio bora kuliko wote wa siku hiyo. Muongozaji anayehesabu mapumziko hayo kuwa ni ucheleweshaji hafai kwa safari yenu.

Bei nafuu na bei kamili

Tuchukue mfano. Wakala wa kwanza anauza kifurushi kwa shilingi 150,000 kwa kila mtu, yaani 300,000 kwa wawili. Mkishafika, mnalipia viingilio 40,000, teksi 60,000 na nyongeza ya chumba cha chini 50,000. Jumla ni 450,000. Wakala wa pili alitaka 210,000 kwa kila mtu, vyote vikiwamo: jumla 420,000. Aliyeonekana ghali ndiye aliyekuwa nafuu kwa shilingi 30,000, tena bila majadiliano ya njiani mbele ya mzee aliyechoka.

Kwa teksi, patana nauli kabla ya kupanda: ni ya safari nzima au ya kila mtu, na dereva akisubiri analipwa kiasi gani. Beba vitambulisho, kwani viingilio vya raia na vya wageni kutoka nje huweza kutofautiana.

Mambo yakiharibika

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Tunza risiti, tiketi, ujumbe wa simu na picha ya ulichokikuta. Lalamika kwanza kwa muuzaji, papo hapo na kwa utulivu, ukitaja kilichoahidiwa, kilichotolewa na unachotaka: kubadilishiwa, kupunguziwa au kurudishiwa fedha. Asiporekebisha, andika malalamiko yenye tarehe, kiasi ulicholipa na nakala za ushahidi. Kwa ununuzi uliofanyika Tanzania Bara, yapeleke Tume ya Ushindani; kwa uliofanyika Zanzibar, yapeleke chombo cha huko kinachosimamia ushindani na haki za walaji.

Maswali ya kubeba

1. Mzee mwenyewe anataka kuona nini?
2. Tukiahirisha kwa ugonjwa, fedha zetu zitakuwaje?
3. Boti ina ngazi ngapi hadi kwenye kiti, na nani atatusaidia?
4. Je, chumba ni cha chini, na ahadi hiyo imeandikwa?
5. Gari linaishia wapi?
6. Matembezi yana vituo vingapi, na tutapumzika wapi?
7. Bei hii haijumuishi nini?

Muuzaji mwaminifu hatachukizwa na maswali haya. Anayekataa kuyajibu amekwisha kukupa jibu, na fedha zako bado ziko mfukoni.