Usingizi wa Kilomita za Mwisho

Familia inayotoka Kindu kwenda Kampene huanza kwa kuvuka mto Lualaba. Pikipiki hupakiwa kwenye mtumbwi hadi ng'ambo, Alunguli, na siku ndefu inaanzia hapo. Zamani barabara za machimbo ya Maniema zilitegemea makampuni ya bati. Kampuni ya Sominki, iliyoundwa mwaka 1976, ilirithi migodi hiyo, lakini bei ya bati ilipoporomoka mwaka 1985 matengenezo nayo yakadorora. Kwa hiyo njia ambayo kwingine ingekuwa ya asubuhi moja, huku inakula siku, na mvua ikinyesha mnalala njiani.

Wengi huogopa matope. Mimi naogopa zaidi pale yanapokwisha.

Kwenye tope motari, yaani dereva wa pikipiki, yuko macho: anasukuma, anatokwa jasho, anapima kila gogo la daraja kabla ya kulikanyaga. Akishafika penye ardhi ngumu, nyumbani kukiwa karibu, wasiwasi unamtoka, na uchovu uliofunikwa na wasiwasi unamwangukia mara moja.

Kisa chake kiko kwenye ubongo. Tangu tunapoamka, kemikali iitwayo adenosini hujilimbikiza kichwani, na kadiri inavyozidi ndivyo kope zinavyokuwa nzito. Dawa yake ni kulala tu. Kafeini ya kahawa au ya kola haiiondoi. Kafeini inakaa mahali pa adenosini kwa saa kadhaa, ubongo usiisikie adenosini hiyo. Kafeini ikiisha nguvu, deni la usingizi liko palepale. Kuimba na kujimwagia maji usoni ni kujidanganya kwa dakika chache.

Mwaka 1997 watafiti Dawson na Reid, huko Australia, walionyesha kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 hupungukiwa umakini sawa na mwenye kilevi cha asilimia 0.05 katika damu. Aliyeamka saa tisa usiku kuwahi mtumbwi anafika kiwango hicho saa mbili usiku, hata kama hakugusa pombe ya lotoko. (Aliyeigusa, basi hesabu yake ni nyingine kabisa.)

Halafu kuna usingizi wa sekunde chache, macho yakiwa wazi. Kwa mwendo wa kilomita 30 kwa saa, sekunde tatu ni mita 25. Kulikosa daraja la magogo mawili kunahitaji pungufu ya hapo. Na nyuma ya motari kuna mtoto aliyebanwa kati yake na mama, amesinzia, kichwa kikielemea upande mmoja kila pikipiki inapopanda kilima. Uzito huo mdogo dereva mwenye nguvu anaurekebisha bila kuufikiria. Aliyechoka anachelewa.

Dalili ya kutegemea kuliko kupiga miayo ni hii: ukiulizwa kijiji mlichopita sasa hivi, hukikumbuki. Hapo simama. Kunywa kahawa kwanza, kisha lala dakika 20. Kafeini huanza kufanya kazi karibu wakati unapoamka. Usipitishe nusu saa, maana utaamka na kichwa kizito, na usiondoke mpaka kiwe chepesi.

Kinachoua ni lile neno "tumeshafika". Mama uliye nyuma, ukiona pikipiki inayumba mahali pakavu, mpige motari begani, mwambie asimame, hata kama taa za Kampene zinaonekana.