Chanjo kwa Mtoto Mwenye VVU: Mbegu Isipoota Hurudishiwa



Wapo watoto ambao sisi wauguzi hatuwasahau. Mmoja ni mvulana wa miaka minne aliyeletwa na bibi yake akiwa na homa kali, kikohozi, macho mekundu na vipele mwili mzima. Ilikuwa surua. Bibi alifungua pindo la kitenge, akatoa kadi ya kliniki. "Sista, chanjo zote alipata. Mbona ameugua? Au ile dawa ilikuwa maji?"

Kadi haikusema uongo. Mtoto alichanjwa akiwa na miezi 9. Lakini wakati ule hakuna aliyejua kuwa ana VVU, na dawa za ARV alizianza akiwa na miaka mitatu. Swali la bibi tunalijibu hapa kwa faida ya wengi, maana mikoa yetu imeguswa sana. Utafiti wa taifa wa mwaka 2016 hadi 2017 ulionyesha kuwa asilimia 11.3 ya watu wa miaka 15 na zaidi mkoani Iringa, na asilimia 9.3 mkoani Mbeya, walikuwa na VVU.

Chanjo hufanyaje kazi? Huwafundisha askari wa mwili kumtambua adui kabla hajafika. VVU hushambulia askari hao hao. Hivyo mtoto asiyetumia ARV akichanjwa, mwili wake mara nyingi hutengeneza kinga kidogo, na hiyo nayo huisha mapema. Tena mama mwenye VVU humrithisha mtoto aliye tumboni kinga ndogo ya surua, hata kama mtoto hakuambukizwa.

Sisi wa nyanda za juu ni wakulima. Mahindi yasipoota hatulaani mbegu wala hatuachi shamba, tunarudishia. Ndivyo ilivyo kwa chanjo. ARV ni mbolea inayorudisha nguvu ya udongo. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto aliyeanza ARV arudiwe chanjo ya surua mwili wake ukishapata nguvu, yaani miezi 6 hadi 12 baada ya kuanza dawa.

Basi tufanye nini?

1. Mama mwenye VVU ahakikishe mtoto anapimwa afikapo wiki 6, siku ile ile ya chanjo. Akikutwa na VVU aanze ARV mara moja, asingoje kuugua.

2. Mtoto apate chanjo zote kwa wakati, pamoja na ya surua na rubela ya miezi 9 na ya miezi 18. Mwenye VVU aweza kuhitaji dozi ya ziada ya surua akiwa na miezi 6. Ulizeni.

3. Kila mara njooni na kadi zote mbili, ya chanjo na ya CTC. Wengi huficha moja kwa aibu. Anayechanja asipojua, hawezi kurudishia.

4. Msiogope chanjo. Ila chache, kama za surua na kifua kikuu, zina vidudu hai vilivyodhoofishwa. Mtoto aliyedhoofika sana huahirishiwa hadi dawa zimpe nguvu. Uamuzi huo ni wa daktari, si wa jirani. Mkiona uvimbe kwapani upande wa mkono uliochanjwa, mleteni.

5. Kaka na dada zake nao wachanjwe. Nyumba iliyochanjwa ni ukuta kwa mtoto mnyonge.

Mvulana yule alipewa vitamini A na matibabu mengine, akapona. Si wote hupona. Surua kwa mtoto mwenye VVU huleta nimonia mbaya, na pengine huja bila vipele, ikachelewa kutambuliwa. Siku hizi bibi akifika kliniki hufungua pindo la kitenge na kutoa kadi mbili. Hatuulizi tena, tunasoma na kurudishia pale palipobaki.

Nawe, ndugu msomaji, kadi ya mtoto wako iko wapi?