Jina la farao lisikuchanganye



Mwezi uliopita nilituma nyumbani ada ya mdogo wangu, pesa ikakwama siku tisa. Kisa? Karani alianza na jina la babu yangu, maana huku Guangzhou jina la ukoo ndilo linalotangulia. Majina ni yaleyale, mpangilio umegeuka, basi nikawa mtu mwingine! Dogo akarudishwa kutoka shule. Ndipo nikakumbuka swali la majina ya mafarao, maana shida ni hiyohiyo.

Farao alikuwa na majina mawili yanayoandikwa ndani ya kartushi, yaani kile kitanzi cha kamba chenye umbo la yai refu. La kutawazwa hutanguliwa na unyasi na nyuki. La kuzaliwa hutanguliwa na bata na jua, yaani "mwana wa Ra".

Tumchukue Tutankhamun. Kartushi yake ya kwanza, kutoka juu kwenda chini, ina jua, dundu, vijistari vitatu na kikapu. Jua ni Ra, dundu ni kheper, vijistari ni wingi, kikapu ni neb, yaani bwana. Ukisoma ulivyoona utasema Ra-kheperu-neb. Hapana! Ni Nebkheperure. Jina la mungu huandikwa mwanzo kwa heshima, ila kwenye kusoma linarudi mahali pake. Kartushi ya pili ni hivyohivyo: Amun ameandikwa kwanza, halafu tut, halafu ankh, ule msalaba wenye kitanzi. Tunasoma Tut-ankh-Amun, "mfano hai wa Amun".

Kwa mfano wa kwetu: Mmisri wa kale angepewa jina Abdallah, angetanguliza Allah ndipo aandike Abd. Msomaji bado angetamka Abdallah.

Sasa, kwa nini kujua majina yote mawili? Jibu liko hapahapa Guangzhou. Mwaka 1983 wajenzi waliokuwa wakichimba kilima cha Xianggang walikuta kaburi la mfalme wa Nanyue, lenye miaka zaidi ya 2,100. Ndani mlikuwa na muhuri wa dhahabu uliochongwa maneno manne: Wen Di Xing Xi, yaani muhuri wa mfalme mkuu Wen. Lakini ukoo wa Han kule kaskazini nao ulikuwa na Wendi wake, aliyefariki mwaka 157 K.K.! Cheo peke yake hakitoshi. Kilichosaidia ni muhuri mwingine, mdogo, wa jiwe la jade, wenye jina la mtu mwenyewe: Zhao Mo. Na kumbe mwanahistoria Sima Qian alimwandika Zhao Hu. Bila ule muhuri mdogo tungeendelea kumwita hivyo mpaka leo.

Kwa hiyo ukikutana na kartushi, fanya mambo matatu. Angalia kilichotangulia nje ya kitanzi, ni nyuki au bata. Tafuta mungu, umrudishe mahali pake. Kisha tafuta kartushi ya pili kabla hujasema huyu ni nani.

Jina likikosewa, mwenye jina hupotea. Mimi nilipotea siku tisa tu, tena nikiwa hai wa kujitetea. Zhao Mo alisubiri miaka elfu mbili.

Mwenye nyongeza au masahihisho, karibu.