Maua ya Vyunguni Yanayostahimili Kiangazi

Katika mikoa ya kati ya Tanzania, kama vile Dodoma na Singida, mvua hunyesha kwa msimu mmoja tu, kwa kawaida kuanzia Desemba hadi Aprili. Maua yaliyopandwa vyunguni wakati wa mvua hupamba baraza kwa miezi michache. Ifikapo Agosti, mengi huwa yamekauka. Mara nyingi kisa si uvivu wa mwenye nyumba, bali ni kuchagua mmea usiolingana na maji aliyonayo.

Hesabu yake ni nyepesi. Vyungu sita vikipewa lita moja moja kila siku hutumia lita 180 kwa mwezi, yaani madumu tisa ya lita 20. Vikipandwa mimea inayotosheka kwa kumwagiliwa mara mbili kwa wiki, matumizi hayafiki madumu matatu. Kwa kaya inayonunua maji, tofauti hiyo si ndogo.

Mimea inayofaa

Bogenvilia hustawi katika chungu kikubwa kilichowekwa juani. Sehemu zake zenye rangi ni majani yanayozunguka ua dogo jeupe, na huzidi kujitokeza mmea ukipata maji kidogo. Maji na mbolea vikizidi, huota majani ya kijani tu. Hupogolewa kila baada ya kuchanua.

Waridi la jangwani, ambalo huota lenyewe katika nyika za Afrika Mashariki, huhifadhi maji katika shina lake nene. Vinka, yenye asili ya Madagaska, huchanua karibu mwaka mzima na huoza mizizi ikinyweshwa kupita kiasi.

Vyungu vya kuning'inia hukauka upesi zaidi, kwa kuwa upepo huvipiga pande zote. Humo hufaa potulaka, mmea mfupi wenye majani manene, unaotambaa na kufunua maua yake jua linapowaka. Huzalishwa kwa vipande vya matawi, hivyo mkazi anaweza kuomba kwa jirani badala ya kununua.

Upandaji na umwagiliaji

Ndoo iliyopasuka au dumu lililokatwa hufaa kama chungu, mradi litobolewe matundu chini. Udongo huchanganywa na mchanga na samadi iliyoiva, ili maji yapite bila kutuama. Kabla ya kumwagilia, kidole huchomekwa udongoni: kikikuta unyevu, maji husubiri. Wakati mzuri ni asubuhi na mapema au jioni, na maji yaliyooshea mchele au mboga, yasiyo na chumvi wala sabuni, yanatosha kwa kazi hiyo.

Tahadhari mbili

Kwanza, uzuri wa mimea hii usiwasahaulishe wazazi hatari yake. Utomvu wa waridi la jangwani ni sumu iliyowahi kupakwa mishale ya wawindaji, na vinka nayo ina sumu ikiliwa. Mimea hiyo iwekwe mahali ambapo watoto na mifugo hawafiki, na mikono ioshwe baada ya kuipogoa.

Pili, visahani vinavyowekwa chini ya vyungu visiachwe na maji. Aedes, mbu anayeuma mchana na kueneza homa ya dengi, hutaga katika maji kidogo kama hayo, na katika joto mayai huweza kuwa mbu kamili kwa muda wa wiki moja hivi. Dar es Salaam ilikumbwa na milipuko ya ugonjwa huo mwaka 2014 na 2019. Kumwaga maji peke yake hakutoshi, kwa sababu mayai hung'ang'ania ukingoni na kustahimili ukavu kwa miezi. Kisahani kisuguliwe kila wiki, au kijazwe mchanga.

Kabla ya kununua mche, basi, mkazi ajiulize atakuwa na maji kiasi gani mwezi wa Oktoba. Jibu hilo ndilo limchagulie ua.